Nyongo Iliyokosa Njia

Mpaka leo nikisikia mtu anatamka neno kubemenda, damu inanichemka. Kwetu Newala mtoto mchanga akidhoofu bila sababu ya wazi, watu husema amebemendwa: baba au mama katoka nje ya ndoa, kisha akarudi kumpakata mtoto na uchafu wake. Hakuna anayeuliza mtoto anaumwa wapi. Kinachoulizwa ni nani kalala na nani.

Binti yangu wa kwanza alizaliwa kijijini kwetu Makote msimu wa korosho, mnene, mwenye sauti ya kuamsha majirani. Hazikupita siku nyingi macho yakawa ya manjano. Zahanati wakaniambia ni kawaida ya vichanga, nimuoteshe jua la asubuhi. Nikakaa naye mlangoni kila kukicha, nimemvua nguo, kama mtu aliyeanika muhogo. Umanjano ukashuka kifuani, ukafika miguuni. Niliporudi kulalamika, muuguzi akasema jua ninalompa ni kidogo. Jua la Makote, eti kidogo! Wala hakuniuliza mtoto anapata choo cha rangi gani, na swali hilo halihitaji mashine wala umeme.

Angeniuliza, nisingejua. Nilikuwa bado kwenye arobaini, na kwa desturi mzazi hashiki maji ya baridi. Nepi alizibadilisha na kuzifua mama mkwe, nyuma ya nyumba. Yeye aliona. Choo kilikuwa cheupe kama unga wa muhogo uliolowa, na mkojo wa mtoto uliacha madoa ya rangi ya chai. Mimi mama yake hakuniambia. Alikwenda kumwambia kaka yake, mjomba wa mume wangu, maana kwao mjomba ndiye mwenye kauli.

Kikao kikaitishwa sebuleni kwangu, mimi nikiwa nimempakata mtoto. Mume wangu alikuwa anaendesha bodaboda, na msimu ule wa korosho alilala Masasi mara nyingi.

"Mpwa wangu," mjomba alianza, "dawa ipo. Lakini dawa hii haishiki mpaka mwenye kosa akiri kwa kinywa chake. Masasi ulilala na nani?"

"Sijalala na mtu, Mjomba."

"Basi mtoto atakufa, nawe umekaa unamtazama."

Mume wangu akamtazama mtoto. Kisha akasema, "Ni mimi. Kuna mwanamke Masasi."

Mama mkwe akashusha pumzi kama mtu aliyeridhika kabisa, akaenda kuchemsha mizizi. Tukamnywesha mtoto, tukamuogesha, tukasubiri ishike. Wiki zikapita hivyo. Tumbo lake likaanza kuvimba, mikono ikawa vijiti. Mimi nilikuwa nalala nimempa mume wangu mgongo, na chakula chake nilikuwa naweka mezani bila neno. Nilimchukia. Nasema kweli, nilimchukia.

Arobaini ilipokwisha nikafua mwenyewe. Nepi ya kwanza tu nikasimama nayo mkononi.

"Mama, choo hiki kimekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu siku zile za mwanzo, mwanangu. Ndiyo bemenda yenyewe hiyo."

Nilimfunga mtoto mgongoni na nepi ile nikaitia kwenye mfuko wa plastiki. Mume wangu alipowasha pikipiki hakuniuliza tunakwenda wapi. Hospitalini daktari aliitazama nepi kabla hajamtazama mtoto, na uso wake ukabadilika. Alichukua karatasi akatuchorea ini. Ndani ya ini, alisema, kuna mirija midogo midogo inayokutana mpaka inakuwa mmoja mkubwa, kama matawi ya mkorosho yanavyokutana kwenye shina. Humo ndimo nyongo inamopita kwenda kwenye utumbo, na nyongo ndiyo inayokipa choo rangi. Mirija ya binti yetu ilikuwa imeziba. Nyongo ilikosa njia, ikawa inaliunguza ini lake mwenyewe.

"Husababishwa na nini, Dokta?" niliuliza.

"Chanzo chake hatukijui vizuri. Ila haitokani na kitu chochote alichofanya mzazi."

Nauli na nafasi ya kitanda vikatugharimu karibu mwezi mzima, ndipo tukapelekwa Dar es Salaam. Huko wakatuambia upasuaji wa kuipa nyongo njia mpya upo, ila hufaa zaidi mtoto akiwa hajavuka miezi miwili hivi. Wetu alikuwa amevuka, na ini lilikwishakuwa gumu. "Mngemleta mapema," daktari mmoja alisema. Mapema! Nilikuwa zahanati mapema. Kila mtu alikuwa na habari mapema isipokuwa mimi.

Tukiwa kwenye benchi la wodini nikamgeukia mume wangu.

"Na yule mwanamke wa Masasi?"

"Hayupo."

"Sasa ulikiri nini?"

"Walisema bila hivyo hapewi dawa."

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumkumbatia. Nilimlaza mtoto mapajani mwake, kwa sababu tangu siku ya kikao sikuwa nimemruhusu ampakate.

Binti yetu alifia Makote, nyumbani. Niliwaambia waombolezaji wote habari za mirija na nyongo, nikachora kwa kidole kwenye vumbi la uani. Wanawake walinipa pole, wakanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ni mke anayemfichia mume aibu. Mama mkwe akaniambia, "Nyamaza, mwanangu. Keshakiri mwenyewe."

Wanaume wakaondoka na jeneza kwenda makaburini. Sisi wanawake tukabaki, kama ilivyo dini yetu. Walipokuwa wanarudi nilimtafuta mume wangu kati yao. Wenzake wote walikuwa na udongo mwekundu mpaka magotini. Yeye kanzu yake ilikuwa safi.

Mjomba alikuwa amemwambia asimame mbali. Alikuwa amekatazwa kushuka kaburini kumpokea mwanawe.