Vichaka vya Cheri vya Dada Vestina

Dada yangu Vestina aliishi peke yake Kasokola, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kila jioni alitoa viti viwili nje, akakalia kimoja. Mpita njia akimuuliza anamngoja nani, alijibu kwamba kiti hakili chakula, acha kikae.

Mtoto alimpata mmoja tu, Goreth. Huyo aliolewa na kijana ambaye familia yake ilikuwa katika kambi ya wakimbizi, na wote wakapelekwa Kanada. Tangu hapo hajarudi. Ana watoto wadogo, na kazi yake ni ya zamu. Alikuwa akipiga simu alfajiri, kabla mama yake hajaenda kisimani, na dada alipenda kumuuliza mambo madogo madogo: umekula nini, mlangoni kwako kumeota nini. Siku moja Goreth akamwambia kwamba mlangoni kwake kuna vichaka vya cheri, vifupi, havimfikii mtu mabegani, vinazaa matunda mekundu kama buni mbivu.

“Nitumie na mimi nipande,” dada akasema. “Nataka nile anachokula mwanangu.”

Baada ya hapo hakuacha kulitaja jambo hilo, hata kwenye sala za jumuiya.

Kokwa zilikuja na mtu wa kanisani kwao Goreth aliyekuja kuwaona ndugu zake Katumba. Zilikuwa zimefungwa ndani ya soksi ya mtoto, na soksi imetiwa mfukoni mwa koti zito la baridi, Goreth alilomtumia mama yake. Koti dada alilitundika mgongoni mwa kile kiti cha pili. Kokwa alizipanda kama tunavyopanda maharage: mvua za kwanza ziliponyesha alichimba vishimo, akatia mbili mbili, akafukia. Alingoja mpaka mahindi yakatoa mbelewele, hakuna kilichochomoza. Bahati nzuri hakuzimaliza. Mkulima wa kwetu hamalizi mbegu, na nyingine zilikuwa bado ndani ya soksi.

Goreth aliulizia kwa majirani zake akaleta jibu. Kokwa za cheri lazima kwanza zilale kwenye baridi miezi kadhaa, chini ya theluji, ndipo ziamke. Kasokola theluji hakuna. Dada alikaa akafikiri, halafu akaenda dukani kwa Mwandu, kando ya barabara, kwenye friji ya soda.

Aliweka mchanga wa mto wenye unyevu ndani ya kopo la majarini, akazifukia kokwa humo, na kopo likakaa chini kabisa, nyuma ya soda. Mwandu ni mtu wa mizaha. Kila dada alipokwenda kukagua, alimwuliza kama hao wanawe hawajaamka bado, au awape soda ya machungwa wachangamke. Dada alicheka naye. Umeme ulipokatika hakucheka. Alitoka nyumbani na blanketi lake na kuifunika friji yote, ili baridi isitoke. Wateja walikuta friji imevikwa blanketi, na mama wa makamo amesimama karibu yake akiwakataza kufungua. Mwishowe blanketi lile akaliacha hukohuko dukani.

Iliota miche mitatu. Mmoja uliliwa na mbuzi. Miwili ilikua kando ya uzio wa bafu, ikawa vichaka vizuri vya majani, lakini miaka ikapita bila ua hata moja. Dada hakukata tamaa, ila alinyamaza zaidi. Nikienda kumtembelea kutoka mjini nilimkuta kule kwenye uzio akiviongelesha kwa Kirundi, lugha ya wazazi wetu, sauti ya chini, kama anavyosemeshwa mgonjwa.

Aliyemfumbua macho alikuwa muuza matofaa sokoni Mpanda, mtu wa Makete, kwenye milima ya baridi. Alimweleza kwamba miti ya namna hiyo isipopata baridi ya kutosha inadanganywa: unaacha kuimwagilia, unapukutisha majani yote kwa mkono, inalala kidogo, ukirudisha maji inaamka na maua. Mwaka huu, mwezi wa sita, usiku ulipokuwa wa baridi, dada alivaa lile koti kwa mara ya kwanza, na asubuhi akaanza kung'oa jani moja moja mpaka vichaka vikabaki fito tupu.

Ndipo akapita shemeji Libérat, kaka wa marehemu mumewe na mkubwa wa ukoo ule. Kwetu mtu ananyoa nywele akifiwa. Libérat alivitazama vile vichaka vilivyonyolewa, akakasirika.

“Unamlilia nani hapa?” akamuuliza. “Msiba unauita mwenyewe, Vestina.”

 Dada aliendelea kufagia majani.

Mwezi wa nane akanipigia simu niende siku hiyohiyo. Nilikodi bodaboda. Nilimkuta amevaa nguo zake za misa, kama mtu anayepokea mgeni. Vichaka vyote viwili vilikuwa vimejaa maua meupe yenye wekundu kidogo katikati, na nyuki walikuwa wameshafika.

“Didace,” akaniambia, “zimekubali.”

Nililala kwake siku hiyo. Ile ndiyo mara ya mwisho kumwona akiwa mzima. Wiki haikuisha, jirani yake Natalia alimkuta asubuhi ameanguka mlangoni pa jiko, ndoo ya maji ya vichaka imemwagika pembeni yake. Ilikuwa presha. Tulimfikisha hospitali akiwa bado anapumua, lakini mchana haukumkuta. Mungu ampokee.

Goreth hakuweza kuja. Tulimzika bila yeye, simu ikiwa imeinuliwa juu ya kaburi ili aone.

Kwa mila tuliyoachiwa na wazazi wetu waliotoka Burundi, tangu kuzika mpaka siku ya kuondoa matanga hakuna mtu wa nyumba ile anayeshika jembe. Shamba linalala pamoja na wafiwa. Nilimwuliza Libérat, kwa heshima, kuhusu kumwagilia vile vichaka. Alisema bustani ni shamba, na kumwagilia ni kulima. Akaongeza kwamba matanga yakiisha atavikata, kwa sababu ndivyo vilivyomwitia kifo shemeji yake. Pale mimi ni kaka wa mke tu, sina sauti. 

Jua la mwezi wa nane kwetu halina huruma. Kesho yake maua yakaanza kudondoka. Nilikuwa nikisali rozari na wenzangu, lakini macho yangu yalikuwa dirishani kwenye uzio wa bafu. Nilimwomba Mungu aniwekee japo tawi moja. Niliona aibu kuomba kitu kidogo hivyo siku kama ile, lakini niliomba.

Natalia ni Mpimbwe, siyo mtu wa ukoo, na ndiye aliyekuwa akiwapikia waombolezaji na kuwanawisha. Mwanzoni alinawisha mlangoni, jagi mkono mmoja, beseni mkono mwingine. Mchana ule alihamia kando ya uzio. Alisimama katikati ya vichaka viwili na jagi peke yake, na kila aliyetaka kula ilibidi amfuate huko. Maji ya mikono yakawa yanaanguka kwenye mashina. Watu walinawa kabla ya kula na baada ya kula, na wageni waliotoka kaburini walinawa kabla ya kuingia ndani. Matanga yetu yalikuwa na watu wengi.

Libérat akaja kunawa. Alitazama chini, akaona udongo umelowa, akaelewa. 

“Beseni liko wapi, Natalia?”

“Limepasuka, baba.”

Beseni lilikuwa mlangoni pa jiko, limejaa mchele, na sote tulikuwa tunaliona. Libérat naye aliliona. Aliyatazama maua yaliyobaki. Kisha akanyoosha mikono.

“Mimina.”

Alinawa taratibu, kidole kwa kidole, mpaka viwikoni. Maji yalipoisha kwenye jagi akasema, “Mimina tena.” Mpaka siku ya mwisho ya matanga alinawa palepale, na habari ya kuvikata hatukuisikia tena.

Sasa kila Jumapili baada ya misa naenda Kasokola kufagia. Nyumba imefungwa. Natoa viti viwili, nakalia kimoja, kisha navirudisha ndani. Mwezi wa kumi cheri chache zikaiva. Nilimpigia Goreth simu ya picha, nikamwonyesha. 

“Mjomba,” akasema, “mimi hizo huwa sili. Zinachachua. Zilikuwa za mwenye nyumba wetu wa zamani, zikiliwa na ndege tu. Mama aliniuliza mlangoni kuna nini, nikamjibu.”

 Nilikumbuka friji iliyovikwa blanketi.

“Mama alizionja?” akauliza.

“Hapana. Aliona maua tu.”

Akasogeza uso karibu na simu. 

“Basi onja wewe, mjomba. Nikuone.”

Nikaonja. Ni kweli zinachachua, utamu unakuja baadaye, na ni mdogo. Uso ulinikunjamana wenyewe. Goreth akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo. Akasema mama yake angekunja uso vilevile, halafu angesema ni tamu.

“Kokwa usitupe,” akaniambia. “Nitunzie. Nikija nitazipanda mwenyewe.”

Hakusema lini, nami sikumuuliza.

Nilizikausha, nikazitia katika soksi ileile. Jioni nikapita kwa Mwandu na kopo la mchanga. Safari hii hakufanya mzaha. Alisogeza soda, akaliweka kopo chini kabisa, nyuma. Kabla sijaondoka umeme ukakatika. Mwandu akapanda juu ya kreti, akashusha blanketi la dada kutoka kwenye shelfu, akaifunika friji.