Nyanya Zilizosubiri Mazishi

Asubuhi ile jua liliwaka Tukuyu, na mtu wa huku akiona jua hukimbia nalo kabla halijabadili mawazo. Nilikuwa na bomba la kupulizia mgongoni na dawa ya ukungu mfukoni.

Shamba nilikuwa nimekodi Lupepo kwa mama mmoja mjane, nikapanda nyanya. Sikuzaliwa mkulima. Kwetu ni Msasani, hii ya hapa Tukuyu mjini, si ya Dar. Babu alitoka pwani na mzigo wa vitambaa, na sisi wote tuliomfuata ni watu wa kununua hapa na kuuza pale. Mchana wa jana yake niliona madoa meusi kwenye majani ya chini. Nikahesabu mashina yaliyougua, nikarudia nikitumaini nimekosea. Nilikuwa nimekosea kweli: yalikuwa mengi zaidi.

Dada wa duka la pembejeo hakunifariji.

"Bosi, hii inasimamisha ugonjwa, haifufui. Pulizia jani likiwa kavu, na mvua isinyeshe mpaka dawa ishike. Ukichelewa, utarudi kwangu kununua mbegu."

"Nipunguzie basi."

"Ukungu umekupunguzia?"

Nikalipa.

Nilipofika Lupepo nilimkuta mama mwenye shamba njiani, amejifunga kanga kiunoni.

"Baba, weka bomba chini. Jirani wa ng'ambo ya kijito amefariki jana jioni. Mwili haujazikwa, shambani haendi mtu."

"Pole sana, mama. Lakini mimi sishiki jembe. Napulizia tu."

"Kupulizia ndiyo kupumzika?"

"Nitafanya nusu shamba."

"Kuna nusu msiba?" Akanishika mkono. "Wanaokubebea matenga wote wako kule. Ukiingia shambani leo, utabeba mwenyewe. Na ukifiwa, utazika mwenyewe."

Nikaweka bomba chini.

Msibani wanaume walikaa kwenye mabenchi. Nilidhani wanaomboleza wakiwa wameinua nyuso, kumbe wanaangalia mawingu. Tulikuwa tunamsubiri mtoto wa marehemu, aliyepanda basi la usiku kutoka Dar. Mimi nimelelewa kwa mazishi ya haraka. Kwetu mtu akifa asubuhi, jioni tumeshamzika. Nilikaa, nikasimama, nikakaa. Mwishowe nikamwendea mzee aliyesimamia mazishi.

"Shikamoo mzee. Kaburi tayari?"

"Marahaba. Vijana watachimba mtoto akifika."

"Sasa akifika, si ataanza tena kusubiri kaburi? Amesafiri usiku kucha, masikini."

Mzee aliuliza, "Marehemu ulimfahamu?"

"Tulikuwa tunasalimiana kijitoni."

"Inatosha. Kachimbe."

Nikaenda na vijana nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Wachimbaji walikuwa hawana haraka, mmoja anachimba, wengine wanasimulia. Nilipopokea jembe sikulirudisha.

"Huyu wa Msasani anachimba kama anadaiwa," mmoja akasema.

"Ana nyanya huyo. Nimeziona. Zina ukungu."

"Aa! Hata viazi vyangu vinaungua."

"Na mimi kabichi zangu viwavi wanakula tangu Jumapili, nimekaa hapa nayatazama mawingu tu."

Halafu kila mtu akatafuta jembe. Sijawahi kuona kaburi likienda chini kwa kasi ile. Tulipokuwa tunasawazisha kuta, mmoja akasema taratibu, "Na huyu naye ameacha nyanya zake."

Hilo sikuwa nimelipigia hesabu. Shamba la marehemu lilipakana na kijito, na upepo wa pale hutoka kwake kuja kwangu. Mjane wake hangetoka ndani siku hizo. Ukungu ukibaki kule bila dawa, ungerudi kwangu kila upepo ukivuma, na ningekuwa nimepulizia bure. Lakini dawa niliyokuwa nayo ilitosha shamba langu tu.

Mtoto alifika mchana. Tukazika, sala ikaisha, na watu walioaga wafiwa kwa heshima walitembea kwa heshima mpaka kwenye kona, wakaanza kukimbia.

Nilichanganya dawa nikitazama Mlima Rungwe, ambao ulikuwa umeshajifunika mawingu. Safu zangu za chini nilizipa kisogo. Zilikuwa zimeshaoza mashina. Nikapulizia za juu, kisha nikavuka kijito na dawa iliyobaki.

Mama mwenye shamba alinikuta kule. "Ndaga, baba," akanishukuru kwa Kinyakyusa, macho yamemlowa. "Una moyo."

"Mama, ni upepo. Unatoka huku."

"Sawa, upepo," akasema, akachukua ndoo akaniongezea maji.

Mvua ilishuka usiku. Sikulala vizuri, nilisikiliza bati mpaka alfajiri, nikaenda. Safu za chini zilikuwa zimekwisha, nikaanza kuzing'oa na kuzifukia. Za juu zilikuwa zimesimama. Ng'ambo nako sehemu niliyoifikia ilikuwa imesimama. Nikageuza majani, moja moja, nikatafuta doa jipya. Sikuliona. Nikarudi mwanzo wa safu, nikaanza tena.