Jua la Mwezi wa Tatu

Mwezi wa tatu Mpanda jua halipaswi kuwaka vile. Huo ni mwezi wa matope, wa nguo zisizokauka na maharage yanayochipua yakiwa bado kwenye ganda. Mwaka ule mvua ilikatika ghafla, anga likawa jeupe pe, na watu wakafurahi. Kule kijijini Litapunga mama yangu alitandaza turubai uani akaanika maharage yake yote.

"Mungu katukumbuka," aliniambia kwenye simu. Mimi sikuwa na furaha hata chembe.

Kazi yangu ni kupima hali ya hewa. Kituo chetu ni kidogo: uzio, kipimamvua, na kizimba cheupe cha mbao chenye vipimajoto viwili, kimoja kikavu, kingine kimevalishwa kitambaa chenye maji. Msimu wa mvua vyote viwili husomeka karibu sawa, kwa sababu hewa imeshiba unyevu. Jumatatu ile asubuhi nilisoma mara tatu. Kile cha kitambaa kilikuwa kimeshuka mno, kana kwamba tuko mwezi wa nane. Unyevu wetu ulikuwa umevutwa, na nilijua umevutwa wapi. Mbali huko baharini, upande wa kusini, kulikuwa na kimbunga.

Miezi michache kabla ya hapo alikuja mtafiti mmoja kuzungumza na sisi wapimaji. Alisema njia ya kimbunga siku hizi wanaikisia vizuri, kinachowashinda ni nguvu zake. Kimbunga hula joto la bahari. Maji yakiwa na joto mpaka kina kirefu, na pepo za juu zikitulia zisikivuruge, kinaweza kulala kikiwa kidogo kikaamka kikubwa. Setilaiti huona mawingu kwa juu, lakini yanayotokea ndani ni vigumu kuyajua. Ndiyo maana walikusanya namba hata za vituo vya mbali kama chetu, waone hewa inavutwa kutoka wapi. Nikamuuliza, kwa hiyo mnaweza kukosea? Alisema hilo ndilo linalomnyima usingizi. Nilimheshimu kwa jibu lile.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa mwalimu katika kijiji cha pwani ya kusini. Alipanga chumba kwa mama mmoja mjane, nyumba ya bati karibu kabisa na maji. Jumatatu hiyo hiyo alasiri akanipigia.

"Dada, huku wanasema kuna kimbunga. Wengine wanahamia shuleni, kule juu. Na sisi tuondoke?"

Kituoni tuna mwiko: mpimaji hatabiri. Aliyenifundisha kazi alitukazania hivyo, kwamba soma, andika, tuma, funga mdomo. Na mimi mwiko huo niliwahi kuuvunja. Mwaka uliotangulia niliwatangazia majirani zangu wa Misunkumilo kwamba kimbunga kinakuja kutuharibia msimu, kikafifia huko huko baharini. Walinicheka wiki nzima. "Vipi mama, kimbunga chako kimepotea njia?" Kicheko kile kiliniuma kuliko ninavyopenda kukiri.

Taarifa ya mchana ilikuwa mezani. Ilisema kimbunga ni cha wastani na kinatarajiwa kupungua nguvu kabla ya kufika nchi kavu. Nikachungulia dirishani, nikaona kizimba, nikakumbuka kile kitambaa: kimbunga dhaifu kisingevuta unyevu namna ile. Nilitaka kumwambia waondoke, waondoke sasa hivi.

"Taarifa inasema kitapungua," nikasema.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi napima tu. Nyie fuateni taarifa."

"Haya dada. Asante."

Kesho yake saa tatu asubuhi nilipofika kusoma vipimo, taarifa mpya ilikuwa imeshaingia. Kimbunga kilikuwa kimeongezeka nguvu usiku kucha, kuliko walivyotarajia wote, na alfajiri kilipiga pwani. Simu ya mdogo wangu haikupatikana. Nilipiga mpaka simu yangu ikazima. Nilipoichaji, mama naye akanipigia kuuliza kama jua litaendelea, ageuze maharage. Nikamwambia ageuze. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia lingine.

Siku mbili nzima jua liliwaka bila wingu hata moja, na nililichukia. Maharage ya mama yakakauka vizuri kuliko mwaka wowote.

Alhamisi ikaita namba nisiyoijua. Alikuwa yeye. Walimtoa chini ya mabati, mkono umevunjika, yuko hai. Nilipiga magoti pale pale kwenye nyasi za kituo nikalia, naye akaniacha nilie mpaka nikamaliza.

"Dada," akasema, "mama mwenye nyumba maji yamemchukua."

Nikampa pole. Akaendelea.

"Alikuwa ameshafunga mizigo na godoro kwenye baiskeli, mimi ndiye niliyemzuia. Nikamwambia dada yangu yuko hali ya hewa, amesema kitapungua."

Nilifungua mdomo kumwambia kwamba mimi sikusema hivyo, kwamba taarifa ndiyo iliyosema. Nikaufunga. Yule mama hakuwahi kuijua tofauti hiyo. Aliamini neno langu, akashusha godoro lake kutoka kwenye baiskeli, akalirudisha ndani.