Kabla Breki Hazijaisha

Breki za mbele zilianza kulia asubuhi moja nikiteremka kwenda Port Bell, ziwani, kuchukua samaki, kreti tupu likirukaruka nyuma yangu. Nilizisikia vizuri sana. Nikajifanya sikusikia, kama mtu anayepigiwa honi na shemeji asiyempenda.

Pikipiki ni ya mume wangu. Yeye yuko Uarabuni, analinda mlango wa jengo ambalo mpaka leo sijui ndani yake kuna nini, na nadhani naye hajui. Siku moja kabla ya safari alikaa uani kwetu Banda, amevaa singlendi iliyotoboka kwapani, akabadilisha pedi za breki. Nilimwambia aache, mafundi wamejaa mjini. Hakunisikiliza. Alitia pedi mpya, akakaza zile bolti mbili zinazoibana breki kwenye shokapu ya mbele, akazijaribu, akazikaza tena. Halafu akachukua bomba la chuma, akalivika kwenye spana ili apate nguvu zaidi, akakaza mara nyingine huku mishipa ya shingo imemtoka.

"Mama watoto," akasema akifuta mikono, "mimi nitarudi mbele ya hii breki kuisha."

Sisi wawili tulikulia kambi ya polisi. Baba zetu walikuwa askari kutoka kaskazini, kila mmoja na kabila lake na dini yake, kwa hiyo tulichumbiana kwa Kiswahili. Mimi napenda kukisoma na kukipamba. Yeye hukisema kama anaamrisha gwaride. Lakini maneno yale aliyasema taratibu, na mimi, mtu mzima mwenye watoto, niliyashika neno kwa neno.

Tangu hapo nikawa bahili wa breki. Nikiona mteremko nilishusha gia mapema, injini ikanguruma mpaka watu wageuke. Kwenye foleni nilisimama kwa miguu, viatu vikaisha upande. Vijana wa bodaboda wa Kyambogo, ambako nawauzia samaki wapishi wa hosteli, walinicheka kila siku. "Nyabo," waliniita, yaani mama, "breki iko mkononi, si kwenye kiatu." Ningewaeleza nini? Kwamba zile pedi ndizo kalenda niliyoachiwa, na kila nikibana breki nachana ukurasa?

Mkataba wake wa kwanza uliisha, wakauongeza. Ukaisha tena, wakauongeza tena. Mtoto wetu mdogo akila huinua kijiko mbele ya simu, amlishe baba yake, na baba yake hufungua mdomo. Mimi namkumbuka kwa mambo ya kijinga: harufu ya rangi ya viatu alfajiri, na jinsi anavyokohoa kabla ya kugonga mlango wa nyumba yake mwenyewe. Nina hamu naye. Sioni haja ya kulisema hilo kwa mafumbo.

Aibu ilinipata Kasubi. Nilikuwa nampelekea mama mkwe samaki, barabara inashuka, mwanamke mmoja akavuka na karai la mboga kichwani. Nikabana breki. Kikatoka kilio cha chuma kwa chuma, pikipiki ikaendelea na safari yake, nikakwepa na kuingia katikati ya mikungu ya matoke iliyopangwa kando. Hakuna aliyeumia. Wenye matoke walianza kunifokea, lakini nilipoomba radhi wakanyamaza ghafla; katika mji huu Kiswahili ni lugha ya askari, na changu huwafanya watu wadhani nimekuja kukamata mtu. Niliokota mikungu yote mwenyewe, nikaisukuma pikipiki mpaka kwa fundi.

Fundi wangu ni Mkongomani mpole, ana kibanda pale pale Kasubi. Aliweka spana kwenye bolti ya kwanza, ikagoma. Akaimwagia mafuta ya kulegeza kutu, akaigonga kichwani kwa nyundo, akanywa chai yake yote bila haraka. Kisha akaisukuma kidogo kule kule ilikokazwa, ili kutu ipasuke, ndipo akairudisha. Ikatoka. Ya pili ilikataa kabisa. Spana iliteleza, kichwa cha bolti kikalika mpaka kikawa mviringo, hakuna tena pa kushika.

"Mama," akaniuliza, "nani alikazaka hii?"

"Mume wangu."

"Alikuwa na kasirani?"

"Hapana. Alikuwa anasafiri kesho yake."

Fundi akaweka spana chini, akaifuta mikono yake kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Siku tulikimbiaka kwetu," akasema, "nilifungaka nyumba na kufuli mbili. Na mlango ilikuwa ya mbao tu."

Tukaisukuma pikipiki pamoja hadi kwa mchomeleaji wa jirani, naye akachomelea nati juu ya kile kichwa kilicholika, ili spana ipate pa kushika. Walipoiacha ipoe kidogo, fundi akaanza kuvuta. Nilitaka itoke, kwa sababu bila breki siendi ziwani, na nisipokwenda ziwani watoto watakula nini? Na moyoni nilikuwa naomba isitoke. Nguvu za mkono wa mume wangu zilikuwa bado zimo mle, na sikuwa na kitu kingine chake ambacho hakijafuliwa wala kuhamishwa. Bolti ikatoa mlio mfupi, ikaanza kuzunguka. Nililia pale pale. Mchomeleaji akadhani nimeutazama moto wake, akanishauri nitie maziwa machoni.

Fundi alitia pedi mpya na bolti mpya, akazikaza kwa mkono mmoja, kiasi tu. Nikamwomba akaze zaidi. Akatikisa kichwa.

"Hii inapashwa kufunguka tena, mama."

Bolti ya zamani niliichukua, nikaitia mfukoni ikiwa bado na moto.

Jioni mume wangu akapiga simu akiwa kazini. Watoto walipomaliza kumgombania, nikaenda nayo uani.

"Breki ziliisha," nikamwambia.

Nyuma yake nilisikia lifti ikifunguka na kujifunga.

"Zote?"

"Zote. Mpaka chuma."

Nikangoja. Sikutaka pole. Nilitaka anitajie siku, hata ya mbali, hata ya kubahatisha.

"Umeweka mpya?"

"Leo."

"Hiyo mpya inachukua muda gani?"

Hapo nikajua mkataba umeongezwa tena, kabla hajafungua mdomo kuniambia. Niliikamata ile bolti mfukoni. Ilikuwa imepoa.

"Fundi anasema inategemea mtu anaendesha namna gani."

Akaenda kumfungulia mtu mlango. Nilimsikia akimsalimia kwa Kiarabu chake kibovu, kisha hatua zake zikirudi, kisha pumzi yake karibu na simu.

"Basi, mama watoto," akasema, "wewe endesha polepole."