Shimo Moja Kwenye Boma

Hasira hii nimeikalia misimu miwili, na naiandika kwa mkono wangu mwenyewe ingawa shule niliiacha darasa la tatu. Majina ya wote waliohusika ninayo kichwani, na ya baba zao pia. Sitayataja, maana bado tunazikana.

Shamba letu liko Mbulumbulu, chini kidogo ya msitu. Ukilitazama kutoka barabarani utasema ni shamba moja. Si moja. Kila kipande kina jina lake, na majina hayo yote nimeyalima kwa jembe kabla trekta halijafika huku. Juu kabisa ni Kwa Nungunungu, udongo mwekundu unaong'ang'ania mguu. Katikati ni Kwenye Boma, kipande kidogo ambako ng'ombe wa marehemu mume wangu walilala miaka mingi kabla hatujalihamisha boma. Hapo hata mbegu ikikudondoka kwa bahati mbaya itakuletea gunzi. Chini ni Mteremko, mkubwa kuliko vyote viwili ukivijumlisha. Udongo wake umechoka, una weupe kama majivu, mvua zimeubeba mwingi kwenda korongoni. Lakini ugali wa nyumba yetu wa mwaka mzima hutoka Mteremko. Usipoulisha samadi na mbolea ya kupandia, nao haukulishi.

Walikuja wakati wa kuandaa mashamba, bwana shamba na mwenzake wa kushika makaratasi. Wakasema inatengenezwa ramani ya udongo wa nchi nzima, ili kila mkulima ajue ardhi yake inadai nini, asimwage mbolea kama mtu anayetia chumvi gizani. Neno hilo lilinipendeza. Nilisema moyoni, hatimaye kuna watu wanaouliza udongo kabla ya kuuamuru.

Bwana shamba akatazama simu yake, akasema alama ya kupimia ukanda wetu imeangukia kwetu. Akamwambia mwanangu, ambaye ni mjumbe wa serikali ya kijiji na sasa ana mvi, "Mzee, tuonyeshe pa kuchimba."

Mwanangu akawapeleka Kwenye Boma.

Kwetu mgeni haonyeshwi unyonge. Akija, anapewa kigoda kisicholegea na kikombe chenye mkono, hata kama wenyeji wanakunywa kwenye kopo. Huo ni utu wetu na siukatai. Ila siku ile tuliufanyia udongo kile tunachofanyia vikombe.

Walikuwa na fimbo ya chuma yenye mpini. Ukiizungusha inazama ardhini na kutoka imejaa udongo. Ulipotoka ulikuwa mweusi, laini, unanukia. Majirani walishakusanyika mpakani, na mmoja akasema, "Bwana shamba, huo si udongo, hiyo keki. Kata na sisi tuonje." Watu wakacheka, mwanangu akavimba kifua.

Nilikuwa nimetoka na birika la chai. Nikasema, "Hapo walilala ng'ombe."

"Mama, wageni wana haraka, mvua inakuja," akasema mwanangu.

Bwana shamba akacheka. "Bibi, Karatu hii kuna mahali ng'ombe hawajalala?"

Nikanyamaza. Na nisijisafishe hapa: nilinyamaza kwa raha. Majirani wale wale waliozoea kusema shamba la mjane limekwisha walikuwa wanatazama keki yangu.

Majibu yalirudi msimu uliofuata, yakasomwa kwenye mkutano wa kitongoji. Udongo wa ukanda wetu wote, wakasema, bado una chakula kingi ndani yake. Mbolea ya kupandia tusiiweke, ni hasara na inaharibu ardhi. Tutie ya kukuzia tu, tena kidogo. Wengine walifurahi kupunguziwa mzigo. Mwanangu alifurahi kuliko wote, akaita lori la wakulima wa vitunguu wa Mang'ola likazoa samadi yote iliyokuwa nyuma ya zizi.

Nilisimama mbele ya lori. "Na Mteremko utakula nini?"

"Mama, kipimo kimeshasema. Wewe utabishana na maabara?"

"Maabara imekula lini ugali wa Mteremko?"

Dereva akacheka mpaka akazima injini. Mwanangu hakucheka. Samadi ikaondoka.

Mahindi yalipofika magotini yakasimama. Majani yakaanza kugeuka zambarau kutoka pembeni, kwanza Mteremko, halafu kwa jirani wa chini, halafu kwa dada mmoja mjane aliye ng'ambo ya korongo. Alikuja kunionyesha jani. "Dada, mahindi yangu yamevaa kanzu ya askofu," akasema. Tulicheka pamoja. Kisha akakaa chini kwenye tuta na hakucheka tena, kwa sababu ana wajukuu na hana shamba lingine.

Hapo ndipo nilipoelewa vizuri. Shimo letu moja lilikuwa limesema kwa niaba ya mteremko mzima. Ng'ombe wa mume wangu, ambao wengine hata mifupa yao haipo, walikuwa wamewatolea majirani zangu ushahidi wa uongo.

Bwana shamba aliporudi, mkutanoni alianza kutulaumu. Mmechelewa kupanda. Mmepanda mbegu za ghalani. Mwanangu alikuwa kiti cha mbele, anatazama viatu vyake. Nilingoja aseme. Nilingoja mpaka magoti yakaniuma, halafu nikasimama.

"Udongo mliochukua ni wa zizi," nikasema. "Mteremko hamkukanyaga."

"Sasa Bibi, mbona hukusema?"

"Nilisema, ukacheka. Baada ya hapo nikanyamaza, na hilo ni langu. La kwako ni kutoboa shimo moja ukaliita kijiji."

Mwenzake wa makaratasi akakohoa, akakiri kwamba utaratibu wao ni kuchukua udongo sehemu nyingi na kuuchanganya kwenye ndoo. Siku ile waliikimbia mvua. Mvua! Sisi tunaiomba kanisani, wao wanaikimbia, halafu wanatuandikia sisi la kufanya.

Nyumbani mwanangu alisema, "Umenivua nguo mbele ya watu."

"Nguo yenyewe ilikuwa ya ng'ombe wa baba yako," nikamjibu. Mwaka ule tulivuna Mteremko kwa debe, si kwa gunia, na mahindi ya kula tukayafuata mnadani kama watu wasio na shamba.

Walikuja tena kabla ya kupanda, safari hii na ndoo. Niliwatangulia mimi kwa fimbo yangu hadi Mteremko. Majirani walisimama palepale mpakani. Fimbo ya chuma ikatoka na kitu kama majivu ya jikoni na vijiwe. Hakuna aliyetania. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, nikajua kwa nini mwanangu alifanya alivyofanya, na sikumsamehe kwa kujua.

Bwana shamba akasema taratibu, "Bibi, labda tusogee juu kidogo."

"Hapa," nikamwambia. "Na pale. Na pale kwenye kichuguu. Andika."

Tulishuka hivyo, tundu baada ya tundu, ndoo ikijaa udongo ambao nisingeuonyesha hata kwa mkwe. Nilipoona panatosha nikawaambia turudi juu. Mwanangu alikuwa amesimama juu muda wote, mikono nyuma. Akashuka bila kunisalimu, akachukua ile fimbo ya chuma, akaenda hadi ukingoni mwa korongo, pale ambapo mahindi hayajawahi kunifika kiunoni, akazungusha.

"Na hapa," akamwambia bwana shamba. "Hapa mama amepakwepa."

Nikamkasirikia upya, maana ni kweli.