Mama Peris na Kitabu cha Sajini Mkuki

Barua ya kumi na moja ilijibiwa vile vile kama ya kumi ilivyojibiwa: ombi limepokelewa, linashughulikiwa, tafadhali subiri. Jerusha Wakesho aliisoma akiwa amesimama nje ya posta ya Voi, akaikunja na kuitia kikapuni chini ya sukuma wiki, akashika njia ya sokoni. Alikuwa amelichoka neno "linashughulikiwa." Kama kweli kulikuwa na mtu aliyelishughulikia ombi hilo, basi kinyonga alikuwa na haraka kuliko yeye.

Na ombi lenyewe halikuwa kubwa. Alitaka matuta mawili kwenye barabara kuu ya Mombasa, pale watoto wa shule wanapovukia. Mwezi wa Machi mwaka 1976, binti yake Peris, mtoto wa darasa la tatu, alivuka pale asubuhi na chupa yake ya uji mkononi, na lori lililokuwa likija mbio halikusimama. Halikusimama hata baada ya kumgonga. Walimzika Bura, mlimani kwao. Watu wakaimba, wakalia, wakala, wakarudi makwao. Jerusha na mumewe Obadiah, aliyekuwa fundi wa reli, wakateremka tena Voi na mdogo wake Peris, Loise, ambaye kwa wiki nzima aliuliza dada atakuja lini.

Wiki iliyofuata Jerusha alianza kwenda ofisini. Voi walimwambia barabara ile si ya mji, aende Wundanyi. Wundanyi wakamwambia si ya wilaya, aende Mombasa. Mombasa karani mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga kofia ya kalamu yake, akamuuliza, "Lakini mama, umepitia kwa chifu wako?" Chifu naye alisema yeye ni mtu wa mipaka ya mashamba na kesi za mbuzi, mambo ya lami hayajui, ajaribu Voi.

Basi akanunua filimbi. Kila asubuhi kabla ya kupanga mboga zake, na kila saa kumi watoto wanapotoka, alisimama kando ya lami na kitambaa chekundu mkononi, akipuliza na kupunga mpaka malori yapunguze mwendo, kisha akiwavusha watoto makundi makundi. Madereva walimtukana, na mautingo wakamrushia maganda ya ndizi. Mara mbili polisi walimwambia hana kibali cha kusimamisha magari, na mara zote mbili aliwauliza dereva aliyemuua mtoto wake alikuwa na kibali gani. Wakamwacha.

Kitu kimoja tu kilimtuliza siku hizo, nacho hakukisema kwa mtu. Watu bado walimwita Mama Peris. Majirani wengine, kwa kumhurumia, walijaribu kumwita Mama Loise, akawakataza. Sokoni, kanisani, kwa muuza nyama, jina la mtoto wake lilikuwa likitajwa kila siku na watu ambao hata hawakuwaza wanasema nini, na kwake hilo lilitosha.

Ilipofika mwaka 1979, mambo yakaharibika hapo hapo kwenye jina.

Phoebe, aliyeuza nyanya meza ya pili, alikuja asubuhi moja ameficha kitu ndani ya leso. "Mama Peris, usikasirike," akasema, na mtu akianza hivyo unajua utakasirika. Kilikuwa kile kitabu cha picha kilichotoka Mombasa kila mwezi, hadithi za Sajini Mkuki, polisi wa pikipiki mwenye kifua kama mlango wa ghala, anayewapiga majambazi kumi na wawili bila kofia kumdondoka. Vijana wote wa Voi walikisoma. Phoebe akafungua ukurasa wa sita.

Pale kando ya barabara alisimama mwanamke mnene, mdomo wazi kama pakacha, macho yamemtoka, filimbi kubwa kama kiatu. Juu yake paliandikwa MAMA FILIMBI. Sajini Mkuki alisimamisha pikipiki, Mama Filimbi akamwonyesha majambazi walikopitia, Sajini akaondoka na vumbi likampofusha mama wa watu. Ukurasa uliofuata, kwenye kisanduku kidogo pembeni, Sajini alielezwa kwamba mwanamke yule alipoteza mtoto wake wa kiume barabarani. Sajini akasema, "Pole," na hadithi ikaendelea na majambazi.

"Wa kiume," akasema Jerusha.

"Si lazima awe ni wewe," akasema Phoebe.

"Kuna mwingine Voi anayepuliza filimbi barabarani?"

Phoebe alianza kupanga nyanya zilizokuwa zimepangwa tayari.

Jerusha alikipeleka kitabu nyumbani akimtarajia mumewe akasirike pamoja naye. Obadiah alikuwa mtu mkimya, na tangu mazishi ukimya wake ulikuwa umezidi. Alikula, akaoga, akaenda kazini, akarudi. Alikisoma polepole huku akilowesha kidole kila ukurasa. Alipofika kwa yule mwanamke na filimbi yake, mabega yakaanza kumtikisika. Jerusha alidhani analia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akaweka kitabu chini na kufuta machozi, na Loise naye akacheka bila kujua kisa.

"Baba Peris," akasema Jerusha, "hiki ndicho cha kuchekesha?"

"Samahani," akasema. "Ni hiyo mikono. Ndivyo unavyosimama hasa."

Miaka mitatu hakuwa amemsikia akicheka. Hakujua amkasirikie au amwache, na kutojua huko kukamuudhi zaidi. Akaenda jikoni akapika ugali mgumu kuliko kawaida.

Ndani ya mwezi mmoja mji mzima ulikuwa ukimwita Mama Filimbi. Watoto aliowavusha walimwita hivyo, muuza nyama pia, hata katekista, aliyejirekebisha haraka lakini alikuwa ameshasema. Madereva waliokuwa wakimtukana sasa walipunguza mwendo ili wamwone vizuri, wakapiga honi na kumpungia. Mmoja kutoka Nairobi alisimama kabisa, akamwomba aandike jina lake kwenye kitabu. Ni kweli, magari yalikuwa yakienda polepole kuliko zamani, ila kwa sababu ya kichekesho. Alipokwenda tena ofisini pale Voi, karani aitwaye Ndulu, mpenda chai, alimwambia kwa furaha, "Lakini mama, si wanapunguza mwendo siku hizi? Matuta ya nini tena?"

"Na siku nikiugua?" akauliza Jerusha.

"Mungu atusaidie usiugue," akasema Ndulu, akajimiminia kikombe kingine.

Jumatatu iliyofuata alimwachia Phoebe meza na filimbi, akapanda gari la moshi kwenda Mombasa, akifuata anwani iliyoandikwa nyuma ya kitabu.

Mchoraji wa Sajini Mkuki alikaa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Jina lake Thadeus, mtu mwembamba wa miaka thelathini, vidole vyeusi kwa wino, naye alikuwa Mtaita wa Mwatate. Alipofungua mlango akamwona, alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa amemwona mara nyingi kupitia dirisha la basi alipokuwa akienda nyumbani.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba. Mimi si mnene hivyo."

"La, mama."

"Na mtoto wangu hakuwa wa kiume."

Thadeus alimpa kiti pekee kilichokuwamo, yeye akakaa juu ya rundo la karatasi. Alieleza kwa aibu kwamba hadithi ina shujaa mmoja, na wale wengine wote kazi yao ni kumsaidia. Msaidizi akiwa na mengi, msomaji humsahau shujaa, na mwenye kitabu hukasirika. Ndiyo maana aliandika mtoto tu, mara moja, kwenye kisanduku.

"Sikuja kukuomba uniweke mbele ya polisi wako," akasema Jerusha. "Abaki mbele. Lakini ananiuliza majambazi wamepita wapi, mimi namwonyesha, anaondoka. Mimi nimesimama pale kwa nini? Humo kitabuni hakuna anayeuliza. Watu wanadhani napenda filimbi."

"Wasomaji wanataka ngumi, mama. Hadithi ya matuta haina ngumi."

Jerusha akafungua kikapu, akatoa nakala za barua zote kumi na moja na majibu yake, akamwekea mapajani. "Basi mtume polisi wako akaniletee matuta. Nione hizo ngumi zake zitafika wapi."

Thadeus alizisoma moja baada ya nyingine. Kwenye ya sita alianza kutabasamu, na kwenye ya tisa hakuwa akitabasamu tena. Aliuliza yule karani wa Voi anakaaje, na Jerusha akamwambia kuhusu chai. Kisha akauliza mtoto alikuwaje. Hilo halikuwa limeulizwa na ofisi hata moja, na Jerusha hakuwa amejitayarisha kulijibu. Alisema Peris alikuwa na pengo la meno mawili mbele, alipenda kuimba huku amekosea maneno, na hakupenda uji. Ule wa chupa alikuwa akiwapa wenzake kila siku akidhani mama hajui. Chini barabarani mtu alikuwa akipigia honi mkokoteni.

"Jambo moja zaidi," akasema alipoinuka. "Mimi naitwa Mama Peris."

"Wasomaji wamezoea Mama Filimbi."

"Wazoee lingine."

Toleo la miezi miwili baadaye lilikwisha Voi kwa siku moja. Ndani yake Sajini Mkuki, aliyewahi kumzuia simba kwa mkono mmoja, alikwenda ofisini kwa niaba ya Mama Peris. Aliambiwa aende ofisi ya pili. Ya pili ikampeleka ya tatu. Ukurasa wa kumi alikuwa amelala kwenye benchi na ndevu zimeota, na karani mwenye birika la chai akimwambia arudi Jumatatu. Hakupiga mtu ngumi hata moja. Watu walicheka treni nzima kutoka Mombasa hadi Mtito Andei, lakini safari hii hawakuwa wakimcheka yeye.

Ndulu alimwita. "Mama, umenichoresha."

"Wewe? Mbona sikuona jina lako?"

"Birika ni langu. Hata mke wangu amelijua."

"Kila ofisi ina birika, bwana," akasema Jerusha.

Sijui ni nani huko juu aliyekisoma kitabu, wala Jerusha hakuwahi kuambiwa. Jibu la kumi na mbili lilikuja bila yeye kuandika, likisema matuta yamekubaliwa, na mwanzoni mwa mwaka 1980 wafanyakazi wa barabara wakafika na kokoto na mapipa ya lami. Wakaanza kumwaga mbele ya kituo cha petroli, mahali ambapo kila lori husimama lenyewe.

Jerusha alienda akakaa juu ya kokoto.

Msimamizi wao, Silvanus, alikuwa mtu mpole. Alimwonyesha karatasi: mita mia tatu kutoka darajani. Jerusha akauliza daraja lipi, kwa maana Voi kulikuwa na madaraja mawili. Silvanus akageuza karatasi upande wa pili, kama kwamba daraja lingekuwa limejificha nyuma. Hakukuwa na kitu. Wakatembea wote wawili kutoka daraja la pili, Silvanus akihesabu hatua kwa sauti, na mia tatu zikaishia karibu kabisa na njia ya shule.

"Karatasi haikusema," akasema Silvanus akiwaita watu wake wahamishe kokoto.

"Najua," akasema Jerusha. "Huwa hazisemi."

Matuta yalipokauka, alisimama kando akatazama lori la kwanza likifunga breki, likayumba, likapanda, likashuka polepole kama mtu mwenye maumivu ya mgongo. Alingoja afurahi. Badala yake alikaa chini kwenye majani makavu, akamlilia mwanawe, naye hakuwa amelia mbele za watu tangu Bura. Obadiah, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini, alikaa naye.

Kitabuni, Sajini Mkuki alipewa nishani kwa ajili ya matuta yale, na Mama Peris alionekana nyuma ya umati akipiga makofi. Jerusha alisonya, akampa Loise akipake rangi.

Alidhani yamekwisha. Lakini mwaka huo huo, siku ya soko, mwanamke mgeni alisimama mbele ya mboga zake bila kununua. Alisema anaitwa Tryphena, ametoka Maungu, na kwamba amemwona kwenye kitabu. Mwanawe alikuwa amegongwa wiki sita zilizopita. Ofisi zilikuwa zimemwambia angoje.

Jerusha alishusha pumzi ndefu. Mgongo ulimuuma, sukuma wiki zilikuwa zikinyauka, na alizijua zile ofisi zote, milango yake na madawati yake ya kungojea. Alisogeza kikapu kumpa mwenzake nafasi ya kukaa.

"Voi usianzie," akasema. "Watakupotezea mwaka. Unajua kuandika, au nikuandikie?"