Mahali Walipopafuta

Wifi yangu huuza magodoro. Duka lao liko kwenye kona, karibu na wauza mabati, na ukiingia tu unakutana na magodoro yamesimamishwa ukutani ndani ya nailoni, mengine yamelazwa katikati ili wateja wayajaribu. Wifi ndiye mwenye kazi ya kuwalaza. "Vua viatu, dada. Lala chali. Sasa geuka ubavu. Usinijibu mimi, sikiliza mgongo wako." Watu wazima wenye tai shingoni hujilaza mbele yake kama watoto wa chekechea, na wengine husinzia kweli, naye huwaacha wasinzie kidogo. Sauti yake ni ya chini na haina haraka. Nadhani nusu ya mauzo ya duka lile yanatokana na sauti hiyo.

Sasa mtu huyuhuyu, kila Jumamosi akishafunga duka, alikuwa anabeba sufuria na kufuatana na mumewe kwenda kulala chini, msituni. Kinyozi hajinyoi, nakubali, lakini hii ilizidi. Mimi ni mke wa kaka yake, na nilipoolewa katika familia ile nilidhani wananitania. "Mnalala chini, chini kabisa?" niliuliza. "Juu ya majani," akasema Wifi, kana kwamba hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ya kunifariji.

Mumewe alikuwa mpaka rangi, na mtaa mzima ulimwita Brashi. Walipooana walipanga chumba kimoja katika nyumba yenye wapangaji wengi, ambamo jirani akikohoa wewe ndiye unayemwambia pole. Hawakuwa na pa kunong'onezana. Ndipo Brashi akakumbuka mto aliouona siku alipokwenda kupaka nyumba ya mtu pembezoni mwa mji, na msitu uliokuwa nyuma yake. Wakaenda mara moja, wakarudi wanacheka, wakaenda tena. Baadaye walihamia nyumba yao wenyewe yenye vyumba vya kutosha, na Mungu hakuwajalia watoto wa kuwapigia kelele, lakini msitu hawakuuacha.

Usidhani ni mahali pa watalii. Hakuna geti, hakuna mahema ya kukodi, hakuna bomba wala choo. Unachota maji mtoni na kuyachemsha. Haja yako unaichimbia shimo na kuifukia. Unalala popote unapopenda, mradi uwe mbali kidogo na maji na njia, na asubuhi uondoke pasijulikane kwamba ulikuwepo. Ndiyo sheria pekee ya msitu ule, na walinzi wake hawana mchezo nayo.

Kwa Brashi sheria hiyo haikuwa mzigo, ilikuwa raha. Mtu ambaye maisha yake yote amefuta madoa kwenye kuta za wenzake alijiona amefika. Asubuhi aliyamwagia majivu maji mpaka kiganja chake kikaweza kukaa juu yake, kisha akayatawanya mbali. Mawe ya jiko aliyarudisha mtoni yalikotoka. Majani waliyolalia aliyainua kwa vidole, unyasi mmoja mmoja, halafu akanyunyiza makavu juu. Mwisho kabisa alitoka kinyumenyume, akifagia nyayo zao kwa tawi. Mwizi wa benki hafichi alama zake namna ile. Nilimwambia hivyo siku moja mezani kwangu, akacheka mpaka chai ikampalia. "Shemeji," akasema, "mimi nikirudi nataka nipakute papya."

Na alikuwa anapakuta. Kila walipokwenda, walirudi palepale. Brashi alitangulia na turubai begani, Wifi akafuata nyuma na sufuria, akiongea. Yeye kazi yake ilikuwa kuongea. Simu zao walizifungia kwenye droo ya kabati nyumbani, kwa hiyo picha hakuna hata moja.

Brashi aliugua ghafla na hakuchukua muda. Kuna ukuta wa shule mtaani kwetu alioupaka nusu, na hiyo nusu nyingine alikuja kuimalizia mtu mwingine.

Tangu siku tuliyomzika, Wifi alikosa usingizi. Simaanishi alilala vibaya. Hakulala. Alikaa kwenye kiti, akajaribu kitandani, akajaribu godoro alilokopeshwa na bosi wake, lile la bei mbaya ambalo hata bosi mwenyewe hana. Mganga wa hospitali alimpa vidonge vilivyomfanya aone vitu viwili viwili huku yu macho. Uso wake ulikonda, macho yakaingia ndani. Kaka yake, yaani mume wangu, alikuwa anasimama mlangoni kwake jioni na kurudi bila kubisha, kwa sababu hakujua amwambie nini. Tuliogopa. Nasema wazi, niliogopa kwamba tutamzika na yeye.

Halafu ikatokea ya dukani. Mteja alilala chali, akageuka ubavu, akauliza kama godoro lile kweli linaleta usingizi. Wifi akamtazama, akamwambia kwa sauti yake ileile ya chini, "Mama, nenda nyumbani na hela yako. Hakuna godoro linaloleta usingizi." Bosi alisikia. Ni mtu mwema. Hakufoka, alimwita pembeni na kumwambia apumzike mpaka atakapojisikia vizuri.

Akaja saluni kwangu moja kwa moja. Mimi ni msusi, na nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi.

"Wifi, nipeleke mtoni."

"Mtoni kufanya nini?"

"Kulala. Nikilala palepale petu, nitalala. Najua."

"Si uende na kaka yako basi, mimi na siafu wapi na wapi?"

"Kaka mgongo wake unamsumbua. Nakuomba."

Alisema nakuomba, na wifi yangu hajawahi kuniomba kitu, amezoea kuniamuru. Nikajikaza kisabuni.

Basi lilitushusha mwisho wa lami. Tulipita tanuri za matofali, tukapita bustani za mboga ambako watu walikuwa wanamwagilia kwa ndoo, kisha njia ikaingia kwenye miti na sauti ya mji ikapungua kama redio iliyopelekwa chumba cha pili. Wifi alitembea haraka, uso umemchangamka. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilimwona anafanana na yeye mwenyewe.

"Ni hapo mbele," alisema. "Kuna mti umeinama."

Mti ulioinama ulikuwepo. Ulikuwepo na mwingine baada ya huo, na mwingine. Wifi alisimama, akatazama huku na huku, akalala chini. Chali kwanza, kisha ubavu, macho amefumba, akisikiliza.

"Siyo hapa," akasema. "Maji yalikuwa yanasikika upande wa kushoto."

Tukasogea. Akalala tena, akageuka. "Hapa kuna mzizi."

"Wifi, unajaribu msitu kama godoro."

Akacheka kidogo, nikafurahi, tukasogea tena. Nilibeba turubai, kamba, sufuria na mkoba wangu, na kila alipolala mimi nilisimama juu yake kama muuzaji. Jua lilikuwa linapenya majani na kutuangukia kwa vipande vipande. Kusema kweli kulikuwa kuzuri, ingawa sikutaka kukiri. Maji yalikuwa yanaenda polepole, rangi ya chai ya rangi, na kila tulipopinda kona mto ulionekana kama uleule tuliotoka kuuacha. Nilianza kuhisi tunazunguka ndani ya ndoto ya mtu mwingine, na mwenye ndoto hayupo wa kutuonyesha mlango.

Tulikutana na mlinzi wa msitu, mzee mfupi mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Alimtambua Wifi mara moja. "Mama wa Jumamosi! Na mzee yuko wapi?"

Nikamjibu mimi. Akavua kofia, akatupa pole.

"Baba," Wifi akamuuliza, "unapajua tulipokuwa tunalala?"

Yule mzee akatabasamu kwa huzuni. "Mwanangu, mimi niliwatafuta ninyi miaka. Nilikuwa nawaona mnaingia, nawaona mnatoka, nikienda kukagua sikuti hata jivu. Wenzenu wakija nawaambia, igeni wale wawili. Mlikuwa mnalala kama hamkulala."

Alisema kwa nia njema, alidhani anamsifu marehemu. Wifi alimshukuru kwa adabu. Mlinzi alipokwisha kupotelea kwenye kona, akaketi chini palepale, akapiga kofi ardhini.

"Mwanamume huyu!" akasema. "Mwanamume huyu! Hata jiwe moja, Wifi? Hata unyasi mmoja hakuniachia? Alikuwa anafagia, na mimi nasimama pembeni nashika sufuria, namwambia na pale, bado pale. Mimi mwenyewe nilikuwa namwonyesha pa kufuta!"

Akalia. Hakuwa amelia msibani. Watu walimsema kwa hilo. Sasa alilia kwa sauti, na ndege wakaruka kwenye matawi. Nilimhurumia. Ningemwambia nini? Kwamba pako hapa mahali fulani? Alijua. Pengine tulishapapita. Pengine alishapalalia akasema siyo.

Nikafunga turubai hapohapo tulipokuwa, kwa mafundo yangu mabaya, kwa sababu kurudi mjini hakukuwa na maana na kuendelea kutafuta kungemwua. Hapakuwa mahali pa maana. Miti ya kawaida, mchanga kidogo, mto mbele. Wifi alitazama maji bila kuyaona. Nywele zake zilikuwa zimejaa majani na vijiti kwa kule kulala kote, na tangu msiba hazikuwa zimeguswa. Mimi kuna mambo navumilia, lakini kichwa cha namna ile mbele yangu siwezi.

"Njoo hapa," nikamwambia.

"Niache."

"Sikuachi. Watu wakikuona hivi watasema wifi yake ni msusi wa nini."

Akajikokota, akaketi kati ya magoti yangu. Nikatoa chanuo mkobani. Nilianza na vijiti, kimoja kimoja, kisha nikagawa nywele, nikafumua mafundo kuanzia chini ili nisimuumize. Nilimsimulia habari za saluni: mteja aliyeleta nywele za bandia za mama mkwe wake bila ruhusa, na yule anayetaka mtindo mpya kila akigombana na mumewe, ambaye kwa hiyo ana mitindo yote. Kwanza alikuwa anaitika. Halafu anaguna. Halafu nikahisi uzito.

Msusi anaujua uzito ule. Kichwa kinaacha kujibeba, kinakuwa cha kwako. Wateja wangu hunilalia kila siku nami huwagonga bega, "Dada, nyoosha shingo." Safari hii mikono yangu ilisimama hewani. Kichwa kikateremka polepole kikatua pajani kwangu, mdomo ukafunguka kidogo, akaanza kukoroma.

Sikuthubutu kupumua. Wahenga walisema aliyelala usimwamshe, nami nilikaa kama nimepandwa. Sisimizi walipanda mguuni, nikawaacha. Mguu wenyewe ukafa ganzi, nikauacha. Jua lilishuka nyuma ya miti na mto ukashika mwanga wake wote, mpaka sikujua tena maji yanaishia wapi na ukingo unaanzia wapi. Mji ulisikika kwa mbali, honi moja, nyingine, kisha kimya. Nilimkumbuka Brashi akicheka na chai yake, na machozi yalinitoka bila kelele, kwa sababu nilimpenda shemeji yangu na sikuwahi kupata nafasi ya kumlilia, nikiwa na kazi ya kumtazama mkewe.

Wifi akajitikisa. Hakufumbua macho. Mkono wake ukapapasa mchanga, ukapapasa goti langu, ukatulia hapo. Akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nyororo, ya mtu aliye peke yake na mtu wake:

"Brashi. Ndipo hapa?"

Nilitazama miti ile ya kawaida, mchanga ule, turubai langu lililopinda upande.

"Ndipo hapa," nikamwambia. "Lala."

Akashusha pumzi ndefu, akaulaza tena uso wake pajani kwangu, akalala fofofo.